Dawa za uzazi Marekani: Mwenye kibali ndiye mwenye bei

MFANYABIASHARA wa Dar es Salaam aliyekuwa na duka kabla ya mwaka 1984 hahitaji kuelezwa maana ya kibali. Bidhaa ilikuwepo Mombasa au Dubai, fedha ilikuwepo, wateja walikuwepo, lakini karatasi ya kuruhusu kuagiza ilikuwa mezani kwa ofisa, na ofisa alikuwa ametoka kidogo. Aliyeshika karatasi ile ndiye aliyeamua nani apate, apate lini, na kwa bei gani.

Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka huo, na masharti mengine yakalegezwa miaka iliyofuata, wengi waliamini kuwa ugonjwa wa kibali ni wa nchi maskini ambazo uchumi wake hupangwa ofisini. Inafaa basi kulitazama soko moja lililoko Marekani, nchi inayojisifia soko huria kuliko nyingine zote, ambako hadi leo bidhaa ipo ghalani, fedha ipo, mteja yupo, na mzigo hautoki mpaka kibali kitoke. Ni soko la dawa za kuwasaidia watu wasiopata mtoto.

Wateja wa soko hilo si wachache. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Aprili 2023 kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake, na kwamba nchi tajiri na nchi maskini hazipishani sana. Kwa muuzaji, hao ni wateja wasiotegemea msimu wala mtindo. Kwa mke na mume wenyewe, kinachohesabiwa ni miezi inayopita na umri unaosonga.

Bidhaa yenyewe

Katika matibabu ya kutungisha mimba nje ya mwili, ambayo magazeti yaliyaita "mtoto wa chupa" tangu Louise Brown alipozaliwa Uingereza Julai 1978, mwanamke hudungwa sindano kila siku kwa siku 8 hadi 14 hivi, ili ovari zake zikomaze mayai mengi kwa pamoja badala ya moja la kila mwezi. Sindano nyingine huzuia mayai yasitoke kabla ya wakati wake. Sindano ya mwisho huyakamilisha, na daktari huyavuna saa 34 hadi 36 baadaye. Kisha hufuata dawa za kuutayarisha mji wa mimba.

Zamani dawa kuu ya kukomaza mayai ilitoka kwenye mkojo. Kampuni ya Serono, iliyoanzishwa Roma mwaka 1906, ilikusanya mkojo wa wanawake waliokwisha koma hedhi, wakiwemo watawa wa Kikatoliki wa Italia, ikachuja homoni na kuiuza kwa jina la Pergonal. Katikati ya miaka ya 1990 homoni hiyo ilianza kutengenezwa maabara: Serono wakatoa Gonal-f, na Organon wakatoa Puregon, ambayo Marekani huitwa Follistim.

Mwekezaji mdogo atapenda kujua kampuni hizo zimeishia wapi. Serono ilinunuliwa na Merck KGaA ya Darmstadt, Ujerumani, katika mauzo yaliyokamilika mwaka 2007. Nchini Marekani hujiita EMD Serono, kwa kuwa jina la Merck huko ni mali ya kampuni nyingine. Organon, baada ya kupita mikono kadhaa, ilitengwa kutoka Merck hiyo ya Marekani Juni 2021 na hisa zake zikaorodheshwa New York. Wa tatu ni Ferring, kampuni ya binafsi yenye makao makuu Uswisi, inayouza Menopur.

Hao ndio wauzaji wakubwa watatu. Ulaya ilipata dawa za kufanana na Gonal-f kutoka viwanda vingine: Ovaleap iliidhinishwa mwaka 2013 na Bemfola mwaka 2014. Mnunuzi wa Marekani aliendelea kwa miaka mingi kuchagua kati ya majina mawili tu ya homoni ile ya maabara. Panapokuwa na wauzaji wawili, bei haishuki yenyewe.

Wizara ya Afya ya Marekani imewahi kutaja kuwa mzunguko mmoja wa matibabu haya hugharimu dola 15,000 hadi 20,000, na unaweza kupita 30,000. Dawa peke yake mara nyingi huchukua dola elfu kadhaa katika hizo. Ni fedha ya kununulia gari lililotumika, na hakuna ahadi kwamba mtoto atapatikana.

Njia ya mzigo

Mtu anayeugua malaria huenda duka la dawa la karibu na nyumbani. Dawa hizi hazipatikani hivyo. Ni ghali, huuzwa chache, nyingine zahitaji ubaridi, na duka la kawaida haliwezi kuzilaza kwenye friji likisubiri mteja mmoja kwa mwezi. Huuzwa na famasi maalumu chache, ambazo hupokea cheti cha daktari kwa kompyuta na kumtumia mgonjwa boksi lenye barafu hadi mlangoni kwake.

Kabla boksi halijafungwa, zipo hatua. Kwanza, kadi ya bima. Nchini Marekani bima ya hospitali na bima ya dawa mara nyingi ni vitu viwili vilivyomo ndani ya kadi moja, kila kimoja na namba zake na simu yake. Mtu anaweza kuwa amelipiwa upasuaji wa kuvuna mayai lakini asilipiwe sindano za kuyakomaza, au kinyume chake. Akipiga simu upande wa hospitali huambiwa aulize upande wa dawa, na akipiga upande wa dawa hurudishwa hospitali.

Pili, orodha. Kila bima ina orodha ya dawa inazozikubali, na bima nyingi hukubali jina moja kati ya yale mawili. Daktari akiandika Follistim na orodha ina Gonal-f, cheti hurudi. Ni lazima daktari aandike upya au aombe msamaha wa orodha. Dawa zenyewe hufanya kazi karibu sawa, lakini kalamu za sindano ni tofauti na vipimo vya ujazo ni tofauti, hivyo karani hawezi kubadilisha kama anavyobadilisha sabuni.

Tatu, kibali chenyewe. Zahanati hutakiwa kupeleka umri wa mgonjwa, majibu ya damu, historia ya matibabu na sababu ya ugumba. Bima nyingine hutaka kwanza mgonjwa ajaribu vidonge vya bei nafuu, na zikishindikana ndipo sindano ziruhusiwe. Karatasi moja ikikosekana, faili hulala. Hakuna anayempigia mgonjwa kumwambia kuwa faili limelala. Hugundua mwenyewe anapouliza mzigo uko wapi.

Nne, famasi. Bima huweza kumlazimisha mteja anunue kwenye famasi moja tu iliyotajwa. Cheti kikipelekwa kwingine, hata kama huko dawa ipo na ni rahisi, bima hailipi. Cheti huhamishwa, na siku nyingine hupotea.

Saa ya mwili

Ucheleweshaji wa siku tatu ni hasara ndogo kwa anayesubiri kontena la vitenge. Katika soko hili siku tatu ni mwezi mzima. Sindano huanza siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Hedhi haisomi barua za bima. Boksi lisipofika, mzunguko huahirishwa hadi mwezi ujao, na mwanamke wa miaka 39 au 41 anajua maana ya mwezi ujao kuliko karani yeyote.

Sheria ya Marekani inayohusu bima za kazini inaipa bima hadi siku 15 kujibu ombi la kawaida linaloletwa kabla ya matibabu, na yaweza kuongezwa siku 15 nyingine kwa sababu maalumu. Ombi la haraka linatakiwa kujibiwa ndani ya saa 72. Weka siku hizo 15 kando ya zile siku mbili au tatu za hedhi, nawe utaona kwamba bima inaweza kufuata sheria neno kwa neno na bado ikamfungia mteja mlango.

Hata mzigo ukifika, saa haisimami. Daktari hupima kwa picha na damu kila baada ya siku chache, na kipimo cha dawa kinaweza kuongezwa katikati. Mgonjwa aliyeagiza dawa za siku tisa huambiwa Ijumaa jioni kwamba anahitaji za siku 12. Famasi ya mbali imefunga hesabu za wiki, na ofisi ya bima itafunguliwa Jumatatu. Hapo ndipo watu hulipa bei yoyote wanayotajiwa, taslimu, kwenye famasi yoyote yenye mzigo. Wauzaji wa mchele wanakijua kipindi hicho: ni mkesha wa sikukuu.

Na kwa upande wa pili, anayeagiza nyingi kwa hofu hiyo hubaki na kalamu zisizotumika. Dawa ikishatoka famasi hairudishwi. Wengine huuziana masalio kimya kimya. Sheria hairuhusu mgonjwa kumuuzia mgonjwa mwenzake dawa ya cheti, na mnunuzi hana njia ya kujua kama kalamu ile ilikaa kwenye friji au ndani ya gari juani. Mlanguzi huzaliwa pale njia halali inapokuwa nyembamba. Hilo nalo Dar es Salaam inalijua.

Kadi au taslimu?

Watu wengi huamini kwamba mwenye kadi ya bima hulipa kidogo kuliko asiye nayo. Katika soko hili imani hiyo inaweza kumgharimu mtu. Famasi ileile, kwa boksi lilelile, huwa na bei mbili: bei inayopelekwa kwa bima, na bei ya anayelipa mwenyewe. Ya pili huweza kuwa chini sana.

Chukua mfano wa hesabu tu. Bei ya bima kwa dawa za mzunguko mmoja ni dola 6,000. Bei ya taslimu ni dola 4,000. Bima inamtaka mteja alipe mwenyewe dola 3,000 za kwanza za mwaka, kisha nusu ya kinachozidi. Kikomo cha bima kwa dawa za uzazi, kwa maisha yote, ni dola 5,000.

Mzunguko wa kwanza, mwenye kadi atalipa dola 3,000 na nusu ya 3,000 zilizobaki, jumla dola 4,500. Asiyetoa kadi atalipa 4,000. Taslimu imeshinda kwa dola 500.

Mzunguko wa pili ndani ya mwaka uleule, mwenye kadi atalipa nusu tu, yaani dola 3,000. Kwa mizunguko miwili atakuwa amelipa dola 7,500, na mwenzake wa taslimu 8,000. Sasa kadi imeshinda kwa dola 500.

Mzunguko wa tatu, bima imekwisha kutoa dola 4,500, hivyo imebakiwa na 500 tu kufikia kikomo. Mwenye kadi atalipa dola 5,500 kwa dawa ambazo mlango wa pili zinauzwa 4,000. Jumla yake itakuwa dola 13,000, na ya mwenye taslimu 12,000. Aliyetumia kadi mara mbili kisha akalipa taslimu mara ya tatu atakuwa ametoa dola 11,500, chini ya wote wawili.

Hakuna kanuni moja ya kumwambia mteja afanye nini. Kuna hesabu, na hesabu hiyo haiwezi kufanywa bila kuzijua bei zote mbili, kiasi cha kwanza cha mwaka, fungu la mteja na kikomo. Mambo hayo manne yamo katika vitabu vya watu watatu tofauti: mwajiri, bima na famasi. Hakuna anayelazimika kuyaweka kwenye ukurasa mmoja mbele ya anayelipa.

Mfano huo unaonyesha pia jambo ambalo wengi hawalioni. Kikomo kikihesabiwa kwa dola, bei ya juu haimwumizi mteja mara moja tu. Hula kikomo chake haraka. Bei ya bima ya dola 6,000 badala ya 4,000 hupunguza idadi ya majaribio aliyoahidiwa, ingawa kwenye karatasi kikomo hakijabadilika hata senti moja.

Nani anashika ufunguo

Yafaa kuuliza kwa nini bei mbili zinaendelea kuishi duka moja. Kati ya kiwanda na mgonjwa wapo mawakala wanaoendesha bima za dawa kwa niaba ya waajiri. Hujadili bei na viwanda, hupanga orodha, hutoa vibali na hupokea marejesho kutoka viwandani. Tume ya Biashara ya Marekani ilisema katika taarifa yake ya Julai 2024 kwamba mawakala watatu wakubwa, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, walishughulikia karibu asilimia 80 ya vyeti vyote vya dawa nchini humo mwaka 2023.

Kila mmoja wa watatu hao yumo katika kundi moja na kampuni kubwa ya bima: Caremark na Aetna chini ya CVS Health, Express Scripts chini ya Cigna, na Optum Rx chini ya UnitedHealth Group. Na kila kundi lina famasi zake maalumu. Kwa maneno ya sokoni, mtu mmoja ana mizani, ana ghala, na ndiye anayetoa kibali cha kuingia sokoni. Si lazima awe mwizi ili mteja aumie. Inatosha kwamba hakuna anayemsukuma kuharakisha wala kushusha.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, na si haki kuzificha. Dawa ni ghali na hazirudishwi, hivyo kuuliza kabla ya kulipa ni busara ya mwenye fedha. Fedha za bima ni za wanachama wote, wakiwemo wale wasiohitaji matibabu hayo. Kibali huzuia cheti kilichokosewa na kipimo kilichozidi. Famasi maalumu nazo zina wafamasia na wauguzi wanaomfundisha mgonjwa kuchanganya na kudunga, kazi ambayo duka la kona haliiwezi.

Yote hayo ni kweli. Lakini hoja ya kuuliza kabla ya kulipa haielezi kwa nini jibu lichukue siku 15, wala kwa nini bei ya taslimu isitajwe mpaka mteja aiulize kwa jina. Ukaguzi ni kazi halali. Kuchelewesha ni kitu kingine, hata kama hufanyika kwenye meza ileile.

Sheria nazo zina matundu. Massachusetts ilizilazimisha kampuni za bima kugharimia matibabu ya uzazi tangu mwaka 1987. New York ilianza mwaka 2020 kuzitaka bima za makundi makubwa zilipie mizunguko mitatu. Sheria ya California iliyotiwa saini Septemba 2024 ilianza kutumika kwa makundi makubwa Januari 2026. Hata hivyo, sheria ya taifa ya mwaka 1974 inayosimamia mafao ya kazini huziweka nje ya amri za majimbo zile bima ambazo mwajiri hulipa madai kwa fedha zake mwenyewe, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima ya kazini wamo humo. Majirani wawili wa Boston, wenye kadi zenye nembo moja, wanaweza kuwa na haki tofauti kabisa. Wahamiaji kutoka Afrika Mashariki wanaofanya kazi hospitali na viwandani huko hugundua jambo hilo siku ya kuagiza dawa, ambayo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuligundua.

Punguzo la asilimia 84

Tarehe 16 Oktoba 2025 serikali ya Marekani na EMD Serono walitangaza makubaliano ya kuuza Gonal-f, Cetrotide na Ovidrel moja kwa moja kwa wanaolipa taslimu kupitia mpango wa TrumpRx, mauzo yakiahidiwa kuanza mapema mwaka 2026. Kwa anayetumia dawa zote tatu, punguzo lilitajwa kufikia asilimia 84 ya bei ya orodha.

Wanaonunua bila bima wana haki ya kufurahi. Lakini msomaji wa kurasa za soko anapaswa kuisoma habari hiyo mara mbili. Kiwanda kinachoweza kukata asilimia 84 na kubaki na biashara kinakiri kwamba bei ya orodha haikuwa gharama ya dawa. Ilikuwa bei ya kuanzia mazungumzo, ambayo sehemu yake hurudi kwa mawakala kama marejesho, na ambayo mgonjwa asiye na wa kumjadilia ndiye peke yake aliyekuwa akitajiwa yote. Tena, fedha anayolipa mtu nje ya bima kwa kawaida haihesabiwi katika kile kiasi chake cha kwanza cha mwaka. Punguzo limekuja, lakini mteja bado anahitaji penseli na karatasi.

Kinachopaswa kufanyika

Mambo matatu yangelisafisha soko hili kuliko hotuba nyingi.

La kwanza, muda wa kibali ufuate tiba. Daktari anapoandika tarehe ya kuanza sindano, maombi ya dawa hizo yahesabiwe kuwa ya haraka, na bima iliyonyamaza saa 72 zikapita ichukuliwe kuwa imekubali. Anayechelewa ndiye abebe hasara ya kuchelewa.

La pili, famasi itaje bei zote mbili kabla ya kufunga boksi: atakacholipa mteja kwa kadi, na atakacholipa bila kadi. Mwenye duka Kariakoo hutaja bei ya jumla na ya rejareja bila kuona haya.

La tatu, na ndilo kubwa, kikomo kihesabiwe kwa mizunguko ya matibabu, si kwa dola. New York na California zimekwisha kuhesabu kwa namna hiyo. Soko lenyewe limeanza kulielewa: Progyny, kampuni ya kuendesha mafao ya uzazi iliyoingia soko la Nasdaq Oktoba 2019, imejenga biashara yake kwa kuwauzia waajiri mizunguko badala ya kiasi cha dola. Kikomo kikiwa mizunguko, bei ikipanda humwumiza anayeipanga, na hapo ndipo ataanza kuishusha.

Kabla hayo hayajafanyika, mnunuzi hana budi kujilinda. Apige simu mwezi mmoja kabla, si wiki moja. Aulize kama dawa ziko upande wa hospitali au wa dawa, jina gani limo katika orodha, famasi ipi inaruhusiwa, kikomo ni cha namna gani na kimebaki kiasi gani. Aandike jina la karani, tarehe na namba ya mazungumzo. Aulize bei ya taslimu katika famasi mbili au tatu. Aombe mpango wa kiwanda wa kuwapunguzia wenye kipato kidogo, kwa maana EMD Serono inao unaofikia asilimia 75. Aagize theluthi mbili ya dawa kwanza, daktari akikubali, na ahakikishe famasi inaweza kupeleka nyongeza kwa siku moja. Kibali kikikataliwa, akate rufaa. Muda wa kufanya hivyo kwa bima za kazini ni siku 180, na neno "haraka" liandikwe juu ya barua.

Na huku kwetu?

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kusema hayo ni ya Wamarekani. Si kweli. Watoto wa kwanza wa matibabu haya nchini Kenya walizaliwa mwaka 2006, na dawa zinazotumika katika ukanda huu ni zilezile zinazoagizwa kutoka viwanda vilevile. Tofauti ni kwamba mgonjwa wa huku kwa kawaida hulipa taslimu yote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2025 umesema kwamba katika baadhi ya nchi mzunguko mmoja unaweza kugharimu mara mbili ya kipato cha wastani cha mwaka cha kaya.

Biashara ya bima za afya inakua hapa, na siku moja bima zitaanza kuuza mafao ya uzazi kwa waajiri, kwa kuwa wafanyakazi watayadai. Siku hiyo watakuja mawakala na orodha zao, vibali vyao na famasi zao zilizoteuliwa. Wanaoingiza dawa watapaswa kuuliza nani atashika ufunguo wa ghala. Waajiri watapaswa kuuliza kikomo kinahesabiwaje. Wenye kununua hisa za kampuni hizo watapaswa kuuliza kama faida inatokana na kuuza huduma au na kuchelewesha huduma, maana faida ya namna ya pili hudumu mpaka siku sheria inapobadilika.

Ni rahisi kuandika masharti mema kabla ya mchezo kuanza. Marekani inajaribu kuyaandika mchezo ukiwa katikati, na gharama yake inalipwa na mwanamke aliyekaa kando ya simu siku ya pili ya hedhi, akisubiri kuambiwa kama boksi limetoka.